Sabuni Haitoi Povu Baharini

Baba Neema,

Nimekwenda. Nimefika mpaka pale ulipofia, nimerudi, na sasa nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye cherehani kwa sababu meza nyingine hatuna, unajua mwenyewe. Neema yuko shuleni. Bertrams yetu ya hapa Joburg ni ile ile uliyoiacha: uwanja ukiwa na mechi hatupati pa kupita, umeme ukikatika wa ghorofa ya juu anamlaumu wa chini, na bomba la uani hutoa maji likijisikia. Mimi ndiye niliyebadilika. Tangu tukuzike nilivaa nyeusi, mwaka mzima na ziada, nyeusi kanisani, nyeusi sokoni, nyeusi nikimpima bibi harusi kiuno. Kuna wateja walioacha kuniletea nguo za harusi, nadhani waliogopa ujane unaambukiza. Sikuwalaumu, ila sikuwasahau pia.

Ungeniuliza nimepata wapi ujasiri wa kufunga safari ndefu vile peke yangu, mimi ambaye hata kwenda Pretoria huwa naomba kusindikizwa. Haukuwa ujasiri. Ilikuwa hasira.

Acha nianze na siku ya mazishi, maana wewe hukuiona. Kwaya ya akina mama haikuvaa sare. Zile sare za bluu zenye kola nyeupe nilizishona mimi, moja moja, na nyingine nilizifumua na kuzishona upya wenyewe waliponenepa. Kila shemasi wa kanisa letu akifa, au mke wake, au hata mama yake aliyebaki Kongo, wanazivaa na kuimba kuanzia nyumbani mpaka makaburini. Kwako wewe, shemasi wao, walikuja na nguo za kawaida. Waliimba nyimbo mbili za haraka haraka, Mchungaji akahubiri juu ya rehema ya Mungu, na jina lako akalitaja mara moja tu, pale ambapo hakuweza kulikwepa. Nilisimama kando ya kaburi na vumbi jekundu la hapa likinijaa viatuni, nikasema moyoni, kumbe wote wanajua.

Walijua kwa sababu ya mdogo wako Bahati. Yeye ndiye aliyetumwa kukuleta kutoka pwani. Polisi wa kule walimweleza kwamba ulikutwa umekufa asubuhi ukingoni mwa maji, moyo ulisimama, na kwamba ulikutwa huna nguo, kwenye ufuo ambao watu huenda kukaa uchi na serikali haiwakatazi. Bahati si mtu mbaya. Alimnong'oneza mzee mmoja wa kanisa ili apate ushauri, na mzee yule naye akatafuta ushauri kwa mwingine, mwisho Bertrams na Troyeville nzima zilikuwa zimeshauriana.

Uchi. Wewe. Mtu uliyekuwa unafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni hata kwenye joto la Desemba. Kule Berea tulipokuwa familia tatu kwenye fleti moja, ulikuwa unaingia bafuni na suruali na kutoka na suruali, na mimi mkeo sikujua unaogaje. Hata hapa, chumba kimoja na mtoto nyuma ya pazia, tulizoea kuvaa tukiwa tumepeana migongo. Miaka ikapita vile. Nikadhani ndivyo ulivyo, ndivyo uzee unavyoanza.

Na ule uongo wako. Baada ya fujo za mwaka 2015 za kuwafukuza wageni, walipoipindua meza yako ya mikanda na chaja pale barabarani, ulisema hutauza tena mahali ambapo mtu anaweza kukuuliza kwenu ni wapi. Ukaenda Durban kulinda magari na wale vijana wa Kalemie, halafu ukashuka zaidi kusini, kwenye ile pwani wanayoiita ya porini, ukaniambia umepata kazi ya kulinda magari kwenye mbuga ya ndege. Wazungu wanakuja kutazama ndege, ulisema. Siku moja nilikuuliza kwenye simu ni ndege wa aina gani. Ulifikiri kidogo, ukajibu kwamba wengi ni weupe, na wakikaa sana juani wanakuwa wekundu. Mimi nikamsimulia Neema kuhusu hao ndege. Mtoto akaenda kuwatafuta kwenye simu, akaniambia hawapo. Nikamgombeza kwamba anajua nini, baba yake ndiye anayeishi nao.

Kwa hiyo unaona nilikuwa nimebeba nini mwaka mzima chini ya ile nguo nyeusi. Si kifo chako tu, kifo mtu analia. Nilikuwa nimebeba swali. Kama mume wangu alikwenda kule kuangalia wanawake wa watu, basi ninamlilia nani? Na kama hakwenda kwa hilo, alikwenda kwa lipi, na kwa nini alinificha? Sikumwuliza mtu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami nilichutama.

Halafu ukafika wakati wa kuondoa matanga. Kwa kawaida, unajua, mjane analetwa mbele ya kanisa, akina mama wanamzunguka, wanamvua nyeusi nyuma ya vitenge walivyovishika, wanamvika nguo ya rangi, na kwaya inaimba mpaka paa linatikisika. Nilikuwa nimeshanunua kitenge cha njano. Mchungaji alikuja nyumbani na wazee wawili, wakanywa chai yangu, wakasifu mandazi yangu, na ndipo akasema: "Mama Neema, iyi mambo tuimalize pole pole mu nyumba. Kanisa haiwezi simama mbele ya batu juu ya kifo ya vile."

Nilikusanya vikombe. Lakini walipoteremka ngazi nilivunja kimoja. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha vya kutosha. Wiki ile ile nilimpigia Bahati nikamwambia anielekeze njia. Alinisihi. Alisema si vizuri kuuliza sana juu ya wafu, na kwamba yeye mwenyewe anajuta kwa yale aliyoyasikia. Nikamwambia anielekeze njia.

Nilimwacha Neema kwa jirani. Nilipanda basi mpaka Durban, kisha teksi, kisha teksi nyingine, kisha pikapu iliyojaa mifuko ya unga na mama mmoja aliyebeba mlango mpya wa nyumba yake. Dereva alinishusha mbele ya nyumba ya Mama Nosipho, yule aliyekupangisha chumba. Alinitazama nguo tu akajua mimi ni nani. Hakuniuliza. Alinishika mikono yote miwili akanisalimia kwa lugha yake, nami nikamjibu kwa Kizulu changu cha Bertrams, tukaelewana nusu, na hiyo nusu ilitosha.

Baba Neema, kule ni pazuri na panatisha. Vilima vya kijani, nyumba za duara zimepakwa rangi upande mmoja tu, ng'ombe wanashuka wenyewe kulala kwenye mchanga. Vichaka vyote vimeinamia upande mmoja kwa upepo. Mama Nosipho aliniambia kwamba kila alfajiri alikuona unashuka na taulo begani, mvua au baridi, na majirani walikuwa na hakika kwamba unakwenda kuchota maji ya dawa. Kuna wawili watatu walikuja kukuomba uwatibu. Alisema uliwaombea tu, na mmoja wao akapona, na tangu hapo ukawa na heshima ambayo hukuitafuta. Nilicheka nikalia. Ndivyo ilivyokuwa safari yote.

Asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye miti pale magari yanapoegeshwa, akarudi. Hajawahi kushuka zaidi ya pale, na hakuwa na mpango wa kuanza. Kuna kibao kimefifia kinachosema kwamba ukipita hapa unaweza kukutana na watu wasiovaa nguo. Kiti chako cha plastiki kipo bado. Kimegeuziwa magari, mgongo kwa bahari. Nikakaa. Nilikaa pale kwa muda mrefu nikiwa na nguo yangu nyeusi mpaka miguuni, kitambaa kichwani, mkoba mapajani, nikiomba Mungu anipe sababu ya kurudi.

Hakunipa. Alinipa mwanamke wa Kizungu, mzee, mwenye kofia kubwa ya majani na kitenge kiunoni, kimoja tu, na juu hana kitu. Nikaangalia viatu vyangu. Aliuliza kwa Kiingereza cha polepole kama mimi ni mke wa Joseph. Nilisahau kwamba wewe ni Joseph. Nikasema ndiyo. Akafungua kile kitenge kiunoni, akajifunga kifuani ili mimi niweze kumtazama usoni, akakaa mchangani karibu na kiti. Jina lake ni Hester, na wote kule wanamwita Tannie, yaani shangazi kwa Kiafrikana. Alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu.

Yeye ndiye aliyenihadithia siku yako ya kwanza. Ulishuka pale chini ukiwa umeinamisha macho, na fimbo mkononi, ukapiga mstari mchangani kuanzia kwenye ule mwamba mkubwa mpaka majini. Ukawaambia wanaume waende upande huu na wanawake upande ule. Walidhani ni mzaha. Mzee mmoja aliyekuwa na mkewe akakuuliza kama unataka kuvunja ndoa yake. Ukajaribu kuwaeleza kwa Kiingereza chako kwamba kwenu ndivyo inavyokuwa, kwamba watu wakioga lazima kuwe na upande na upande. Wakacheka sana, ukarudi zako juu kwenye magari na fimbo yako. Tannie alisema alikuonea huruma, kwa sababu hakuna aliyeelewa ulichokuwa unakisema.

Mimi nilielewa. Nilielewa mpaka nikashika kiti.

Kwetu Uvira nani alioga ndani ya nyumba? Jua likianza kwenda, kila mtu ziwani na sabuni yake. Wanaume nyuma ya mawe, wanawake huku kwenye mchanga, hakuna ukuta, hakuna mlinzi, na hakuna hata mtoto aliyethubutu kugeuza shingo. Nilikuwa msichana. Kulikuwa na mwanamume mmoja upande wa mawe aliyekuwa anaimba huku anajisugua, sauti kubwa, tuni haipo kabisa, na sisi wasichana tulikuwa tunambeza na kumwiga. Nilijua sauti yako kabla ya kujua sura yako. Tulipooana nilikuuliza, sema kweli, hukuwahi kuchungulia? Ulijibu: "Ku ziwa hakuna mutu anaangaliaka mwenzake. Masikio tu njo inaangaliaka." Nikajua na wewe ulikuwa unanisikiliza.

Basi ndicho ulichokiona pale. Wengine waliona watu uchi, wewe uliona watu wanaoga. Umetoka Joburg, mji usio na ziwa wala mto wa maana, mji wa kuoga kwa ndoo na kupangiana zamu mlangoni, ukashuka kwenye mchanga ule ukakuta watu hawaangaliani. Ukadhani umefika nyumbani, kasoro mpangilio tu. Ndiyo maana ulichukua fimbo.

Na unajua nini, mstari wako ulishika. Tannie aliniambia kwamba wanawake wanaokuja peke yao walikuwa wanasumbuliwa na wanaume wa kujificha vichakani na simu zao. Walipoona wewe unawafukuza hao wa vichakani kwa filimbi na mawe, wakaanza kukaa ng'ambo ya ule mwamba, pale ulipowaambia. Siku hizi hata mgeni akifika anaambiwa kule ni upande wa wanawake. Hawakumbuki tena ni nani aliyeanzisha. Tannie anakumbuka.

Nilimwuliza lile swali nililolibeba mwaka mzima. Nililiuliza vibaya, Kiingereza kilinikimbia, lakini alinielewa. Alisema katika siku zote ulizofanya kazi pale, watu wakiwepo, hukuwahi kugeuza kiti. Wakikuita Joseph kwa sababu mvua inakuja, unajibu ndiyo bila kugeuka. Wakikuletea chai, unapokea kwa nyuma. Huo ndio ulikuwa mzaha wao juu yako. Bahari yako ilikuwa ya alfajiri, kabla hajafika mtu, na siku chache yeye alipowahi alikusikia unaimba upande wa pili wa mwamba, akasubiri umalize.

Asubuhi ile hakusikia kitu. Akasubiri, akaita, ndipo akazunguka. Alinieleza yote kwa utaratibu, kama wanavyoeleza wauguzi: jinsi ulivyokuwa umelala, jinsi alivyojaribu kuuamsha moyo kwa mikono, jinsi alivyojua kwamba haitawezekana. Simu haishiki pale chini, kijana mmoja ikabidi akimbie mpaka kijijini. Alikuwa na kile kitenge tu. Akakivua akakufunika nacho, akakaa mchangani kando yako bila chochote mwilini, kwenye upepo wa baridi wa Juni, mpaka polisi walipofika. Alisema hakutaka ukae peke yako. Nilimtazama yule mwanamke, na kile kitenge alichokuwa amejifunga. Nilitaka kuuliza kama ndicho, sikuweza. Nikafikiria zile sare za bluu zilizoning'inia makabatini siku tunakuzika.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma, maana sitaki uondoke hapa ukidhani nimekuja kukusifu tu. Nilimwuliza kama ulikuwa unanitaja. Alisema sana. Alisema ulimwambia kwamba mkeo ni fundi nguo, kwamba anaogelea kukuzidi wewe, na kwamba ungependa siku moja umlete. Tannie alikuambia basi mlete. Ukajibu kwamba haiwezekani, mke wangu siku hizi ni mtu wa kanisa sana, nikimwambia habari za mahali hapa atanichukia.

Nitakuchukia. Ndivyo ulivyosema kwa mgeni.

Nilikasirika pale pale, nikiwa nimekaa kwenye kiti chako. Mimi? Nilishona sare kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwepo. Nilifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi kwa sababu wewe ulikuwa shemasi na mke wa shemasi anaangaliwa. Wewe ukafunga kifungo cha shingo kwa sababu uliona nimefunga kitambaa, na mimi nikafunga kitambaa kwa sababu niliona umefunga kifungo. Tumekaa hivyo miaka yote ile, kila mmoja anamstahi mwenzake, na katikati yetu hakuna aliyekuwa anataka hivyo. Halafu ukaenda ukapata mahali pa kuimba tena, ukaniachia mimi ndege.

Tannie aliniacha nilie mpaka ikaisha, akaniuliza kama nataka kushuka. Nikasema sitaki kuvua nguo. Akasema hakuna anayelazimishwa, kuna wanaokaa pale na koti. Tukashuka.

Upande wa wanawake walikuwa wawili tu, mbali, mmoja anasoma kitabu na mwingine amelala kifudifudi. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilisimama kwenye mchanga na nguo yangu nyeusi, upepo ukaijaza. Nilisubiri aibu ije. Nilijua itakuja, nilikuwa nimeshajiandalia. Nikafungua kitambaa kwanza. Halafu vifungo vya nyuma, vile ambavyo ulikuwa unanifungua wewe, Tannie akanisaidia kimoja kilichokwama kisha akageuka. Tumbo langu hili lililobeba watoto watatu na kubakiwa na mmoja, mguu wangu wenye kovu la pasi, maziwa yaliyochoka. Jua likanipiga mgongoni mahali ambapo halikuwa limenipiga tangu Uvira. Aibu haikuja. Kilichokuja ni wewe, ukanijaa kifuani, nikaita jina lako kwa sauti na hakuna aliyegeuka.

Nikaingia majini na sabuni. Ndiyo, nilibeba sabuni. Mtu wetu akisikia anakwenda kwenye maji, mkono unachukua sabuni wenyewe. Nikajisugua mkono, povu hakuna. Nikasugua tena, sabuni inateleza tu, inakataa. Nikaonja maji nikatema. Nyuma yangu nikasikia Tannie anacheka, anacheka na kulia pamoja. Akaniambia kwamba wewe uliishi nao mwaka mzima ukilalamika juu ya jambo hilo hilo. Ulijaribu sabuni ya kufulia, ya kuogea, ya watoto, ukamwuliza Wazungu hutumia sabuni gani huku, akakuambia hawatumii. Ulisikitika sana. Ulisema maji mengi hivi halafu hayafai kuoga, Mungu alikuwa anafikiria nini.

Nilicheka, Baba Neema. Nilicheka nikiwa majini hadi kiunoni, mjane, uchi, na kipande cha sabuni mkononi. Halafu nikaogelea kidogo. Bado najua.

Ile nguo nyeusi sikuivaa tena. Mama Nosipho aliichoma nyuma ya nyumba, akisema kwao pia ndivyo wanavyofanya. Nilirudi Joburg na kitenge cha njano, nilikuwa nimekibeba chini kabisa ndani ya mkoba, sijui kwa nini.

Jumapili nilikwenda kanisani nacho. Unaweza kufikiria vichwa vilivyogeuka. Mjane amejivua matanga mwenyewe, bila wazee, bila wimbo. Kipindi cha ushuhuda kilipofika nikasimama. Nikashika kiti cha mbele. Nikasema: "Bwana yangu alikufa akioga. Njo ile tu. Alikuwa anaoga sawa vile sisi wote tulikuwa tunaoga ku ziwa, na humu ndani hakuna mwenye atasema yeye hakuogaka ku ziwa. Matanga nimeyavulia pale alikufia. Kama munataka kuimba, muimbe. Kama hamutaki, nimesamehe."

Hawakuimba. Nisikudanganye. Mchungaji alisema amina ndogo, akaita mtu mwingine, na kiongozi wa kwaya mpaka leo akiniona kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, anavuka hata kama ni nyekundu. Nimepoteza wateja wengine. Ila baada ya ibada, Mama Riziki, yule bibi aliyetoka mji wa Baraka, kule kwetu ziwani, asiyesema na mtu, alinifuata mpaka nje kwenye geti. Alinishika kitenge akakipapasa kama anakagua ushonaji. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama yale maji ni baridi. Nikamwambia ni baridi mwanzoni. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Usiku kitanda ni kikubwa. Bado nakasirika, na hasira ndiyo inayonichelewesha kulala kuliko huzuni. Huzuni nimeizoea. Natamani ningekuwa na mtu wa kumgombeza. Ungeniambia tu. Siku moja ile kwenye simu, badala ya ndege, ungesema Mama Neema, nimepata mahali panafanana na kwetu, njoo. Ningekugombeza juma zima, kisha ningepanda basi. Sauti yako ningeitambua kutoka juu kwenye magari.

Pumzika sasa. Mimi nitabaki hapa Bertrams na cherehani yangu, na kaburi lako nitalipalilia mwenyewe, sitawasubiri. Na ninakuahidi jambo moja. Desemba shule zikifungwa nitampeleka Neema kule. Mtoto wa watu wa ziwa, anakaribia kuwa mtu mzima, na hajui kuogelea. Ameshaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ni aibu na kwamba marafiki zake wakijua atahama shule. Akitaka avae koti, hakuna atakayemwuliza. Nitamfundisha kuogelea mimi mwenyewe, ng'ambo ya ule mwamba. Na siku akiniuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani, nitamwambia yote mawili: kwamba alipenda maji, na kwamba aliniogopa mimi mkewe bure.

Mkeo,
Mama Neema